Samatta alifanya nini hasa Ulaya?

Swali
Wakuu, mdogo wangu ana miaka 13, ananiuliza Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu wa Tanzania, alifanya nini Ulaya. Nimeanza na bao la kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Machi 2020, timu yake Aston Villa ya England ikifungwa 2-1 na Manchester City. Siku ile nilikuwa kibanda umiza Mbagala, watu walikumbatiana hata wasiojuana. Nimwambie nini kingine?

Jibu
Mkuu, anzia Lubumbashi, Kongo. Akiwa na klabu ya huko, TP Mazembe, alibeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Bila Mazembe, Genk ya Ubelgiji wangemwona wapi?

Jibu
Mimi Genk naiweka juu ya Villa. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Villa alikaa miezi michache tu, na Korona ikasimamisha ligi katikati.

Muulizaji
Asanteni sana. Dogo habari za Mazembe hakuzijua kabisa. Na lile bao la Anfield, akiwa Genk dhidi ya Liverpool, Novemba 2019, kichwa cha kona, namtafutia video usiku huu.