Usaili wa mtoto wa miaka minne: anaandaliwa kwenda shule au anachujwa?

Mzazi, Dar es Salaam

Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu wa miaka minne na nusu kumwombea nafasi ya darasa la awali katika shule moja ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, miguu ikining'inia, akaonyeshwa picha na kuulizwa kwa Kiingereza ni ya kitu gani. Alijibu bila kusita, "Kuku wa bibi." Siku mbili baadaye niliambiwa kwamba hajawa tayari, kwamba nimtafutie tuisheni ya miezi mitatu kisha nimrudishe, na kwamba fedha ya fomu hairejeshwi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaweka awali kuwa mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka mitano, na darasa la kwanza kwa mtoto wa miaka sita. Kama awali yenyewe ndiyo maandalizi, basi tuisheni ya kuingia awali ni maandalizi ya maandalizi, nami sioni mambo haya yataishia wapi. Machi 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo si kweli kwamba shule binafsi haziwezi kuwekewa mpaka inapohusu watoto wadogo. Msimamo wangu ni kwamba usaili wa kuingia awali na darasa la kwanza nao upigwe marufuku.

Msimamizi wa shule binafsi, Arusha

Dada, pole kwa yaliyokupata. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe hajawa tayari, bila kumfafanulia neno, si uungwana. Hata hivyo, marufuku unayoipendekeza haijatazama hali ilivyo. Darasa letu la awali lina nafasi 25, kwa kuwa huo ndio uwiano unaotakiwa kwa mwalimu mmoja, na kila mwaka waombaji huzidi nafasi mara mbili au tatu. Tukiacha usaili tutachagua kwa kigezo gani: kujuana, au uzito wa mfuko wa baba? Isitoshe, mzazi anayetuletea mtoto analipa ada akitarajia kwamba ifikapo Desemba mtoto atakuwa anasoma sentensi fupi, na asipoyaona hayo anamhamisha. Tamaa hiyo hatukuianzisha peke yetu. Wapo wanaokuja ofisini na daftari la mtoto wa jirani mkononi, ili tulinganishe. Shule za Serikali zipo, tangu Januari 2016 hazitozi ada, na hazina usaili. Anayeuchukia usaili hajafungiwa mlango.

Mwalimu wa awali, Morogoro

Mimi nafundisha katika mojawapo ya hizo shule za Serikali, na huo uwiano wa 25 anaoutaja kaka yangu wa Arusha nausoma kwenye mwongozo tu, kwa sababu Januari hii nimepokea watoto 87 katika chumba kimoja.

Siku ya kwanza simtambui mtoto aliyeandaliwa kwa herufi anazozijua. Namtambua wakati wa uji: anasubiri zamu yake, anakijua kikombe chake, akibanwa anasema, "Mwalimu, naomba kwenda chooni," na akirudi kaptula ameivaa mwenyewe. Mwaka juzi nilimpokea mtoto aliyehamia kutoka shule ya Kiingereza, hodari wa kuimba herufi zote 26 bila kukosea. Alijikojolea siku tatu mfululizo. Bibi yake alipokuja tulibaini kwamba alikotoka alikatazwa kuomba ruhusa kwa Kiswahili, na maneno ya Kiingereza ya kuombea yalikuwa hayajamkaa kinywani, basi akajifunza kunyamaza.

Pamoja na hayo, dada, nisingependa kila namna ya usaili ifutwe. Nami huzungumza na kila mtoto anapoandikishwa, na ni katika mazungumzo hayo nilipogundua kwamba mmoja wao alikuwa hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, nikamkalisha mbele. Kosa ni kuyafanya majibu ya mtoto kuwa sababu ya kumrudisha nyumbani. Na kwa wanaohangaikia penseli: mtoto anayeishika kwa ngumi apewe udongo afinyange, mahindi apukuchue, maharage achambue, mpaka vidole vipate nguvu. Mambo hayo yanafanyika uani na hayana tuisheni.

Babu, Unguja

Huku kwetu darasa hilo tunaliita maandalizi, na sera yetu ya 2006 iliyaingiza katika elimu ya lazima, miaka miwili kabla ya msingi. Wajukuu zangu wote walitangulia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kabla ya skuli, wakafundishwa alifu kwa kuimba pamoja, kwa hiyo sikubaliani na anayedhani kwamba herufi zinamdhuru mtoto wa miaka minne. Ila sijapata kumwona maalimu akimrejesha mtoto kwao kwa kuwa haijui alifu, maana hiyo ndiyo aliyopelekwa kujifunza.

Mzazi, Dar es Salaam

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante. Mwalimu, nimekubali kusahihishwa: mazungumzo na mtoto yabaki, lakini kumkataa kwa sababu ya majibu yake ndiko kupigwe marufuku.

Kaka wa Arusha, umeuliza kigezo. Pokeeni kwa kufuata tarehe ya kurejesha fomu, au pigeni kura ya bahati nasibu mbele ya wazazi wote, nasi tutakaokosa tutaondoka tukijua kwamba tumekosa bahati na si kwamba watoto wetu wana kasoro. Kuhusu mlango usiofungwa, tazama tena idadi ya watoto wa Mwalimu kabla ya kunielekeza huko. Na kuna hili ambalo hukuligusa: nafasi 25 mnazijua kabla fomu hazijachapishwa, na waombaji mnajua watazidi mara mbili au tatu. Fomu zote hizo za ziada mnaziuza za nini?