Mrejesho: wajitolea wa mafuriko, Nyalenda

Habari zenu ndugu. Niliwauliza nianzie wapi kuwafunza majirani kukabiliana na mafuriko hapa Nyalenda, Kisumu. Wengi mlinijibu nianze na firimbi na orodha ya nyumba, vifaa vya bei baadaye. Asanteni sana.

Tulijitokeza 12. Tukapita nyumba kwa nyumba tukiandika nani hawezi kutembea, nani ana mtoto mchanga. Nilishtuka: nyuma ya ploti yetu kuna nyanya asiyetoka kitandani, na miaka yote hiyo sikujua. Sasa vijana wanne wamekabidhiwa yeye, na wameshafanya mazoezi ya kumbeba kwa blanketi, kingo zimeviringishwa hadi ngumi ishike vizuri.

Muuguzi jirani alitufunza kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi. Tulitumia mto uliojazwa matambara. Dakika mbili tu mikono inatetemeka, ndiyo maana watu hupokezana. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, tumeichora kwa rangi mlangoni pa duka.

Kilichobaki ni usiku. Mto Auji ukifurika saa nane na stima imepotea, sijui kama firimbi itatosha. Jumamosi tunajaribu gizani.