Mjadala: Mbio za kupona Jumapili, zibaki kwenye ratiba au zifutwe?

Mleta mada, Dar
Wakuu, ratiba inayozunguka kwenye makundi ya jogingi iko hivi: Jumanne mbio za kasi, Alhamisi kilomita 8, Jumamosi mbio ndefu za kilomita 18 hadi 22, halafu Jumapili alfajiri kilomita 8 "za kupona", yaani mbio nyepesi za kuondoa uchovu. Ni kwa wote, na asiyefika anaandikwa mtoro. Naleta hoja kwamba hiyo Jumapili ifutwe.

Sababu inayotolewa siku zote ni "kutoa asidi kwenye misuli". Laktati, ndiyo hiyo wanayoiita asidi, inayopanda wakati wa mbio kali hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama, hata ukijilalia mkekani. Jumapili hakuna asidi iliyobaki ya kutoa. Yale maumivu yanayomfanya mtu ashuke ngazi kinyumenyume yanatokana na nyuzi za misuli zilizoumia, hasa kwenye miteremko, na hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baadaye. Unamkimbiza mtu siku ambayo maumivu ndiyo kwanza yanapanda.

Kocha, Iten
Kuhusu asidi uko sawa, na sisi makocha tuache kuirudia. Lakini sababu mbovu haifanyi zoezi lenyewe kuwa bovu. Kazi ya mbio hizi ni kuongeza kilomita za wiki kwa gharama ndogo. Anayekimbia siku 6 hawezi kuwa mkali siku zote 6. Huku Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, wiki inasimama juu ya Jumanne uwanjani, Alhamisi fatileki (mbio za kubadilisha kasi, haraka kisha taratibu) na Jumamosi mbio ndefu. Zinazobaki ni pole pole.

Na ni pole pole kweli. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin kwa 2:01:09 mwaka 2022, kila kilomita ilimchukua kama dakika 2 na sekunde 52. Kwenye mazoezi mepesi ya huku utawakuta wanaume wenye kasi kubwa wakianza kwa dakika 5 kwa kilomita, au hata zaidi, huku wakipiga soga. Sasa chukua mtu wa mjini anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 55, yaani 5:30 kwa kilomita. Siku ya kupona anakwenda 5:50! Hapo amepunguza kasi kwa sekunde 20 tu kwa kilomita, amebaki na uchovu wote na hajapata faida ya zoezi la kasi. Anatakiwa awe kwenye 7:00 hadi 7:30, dakika 25 hadi 40, asimame.

Mkimbiaji wa nusu marathoni, Dar
Kocha, heshima yako, lakini hao wa Iten wakitoka mazoezini wanakula na kulala mchana. Wetu anatoka mazoezini anaingia kwenye daladala, saa mbili kamili yuko kazini. Anayekimbia siku 3 au 4 kwa wiki, kilomita 35 jumla, tayari ana siku 3 au 4 za kupona, na zinaitwa mapumziko. Halafu kilomita 8 kwa mtu wa kilo 75 ni takriban kilokalori 600. Anazitumia wakati akiba ya wanga iliyoisha Jumamosi bado haijajaa, maana kuijaza huchukua saa 24 au zaidi hata kwa anayekula vizuri. Na wengi baada ya mbio ndefu wanakunywa chai na chapati moja, wanasubiri mchana.

Tabibu wa viungo, Mombasa
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu siku wakati swali ni mguu gani umeamka nao. Jipimeni hivi kabla ya kufunga kamba za viatu.

Panda na ushuke ngazi kumi. Uzito wa mapaja yote mawili, unaopungua ukishapata joto, ni uchovu wa kawaida. Huyo anaweza kwenda. Maumivu ya mguu mmoja ni habari nyingine. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, kuanzia chini ya goti hadi kifundoni. Ukipata sehemu moja ndogo, upana wa sarafu, inayouma hasa ukiibonyeza, usikimbie hata kidogo: hiyo inaweza kuwa dalili ya mfupa kuanza kupasuka. Maumivu yaliyosambaa kwenye ukingo mrefu huwa ni ya misuli na utando wa mfupa. Hayo nayo yanataka kupunguziwa kilomita, ila hayatishi kama yale. Kano ya kisigino ikiwa ngumu asubuhi na inalegea baada ya dakika chache, tembea siku hiyo.

Na ukishaanza, subiri dakika 10. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukianza kuchechemea, geuka urudi kwa miguu. Mwenye homa hakimbii, mbio nyepesi au nzito, akapime malaria kwanza.

Jambo moja la huku pwani: msipeleke mbio za kupona kwenye mchanga laini. Kisigino kinazama chini ya vidole na kano inavutwa kila hatua. Ule mchanga mgumu ulioinama kuelekea majini nao unaufanya mguu mmoja kama mrefu kuliko mwingine. Barabara ya udongo iliyo tambarare ni bora.

Kocha wa klabu, Moshi
Niongeze kuhusu kasi, kwa sababu dakika kwa kilomita zinadanganya kwenye joto. Kasi ileile Dar mwezi wa pili na Moshi mwezi wa saba ni kazi mbili tofauti kwa moyo. Fuateni mapigo. Kupata kiwango chako cha juu cha mapigo kwa dakika, chukua 208, toa asilimia 70 ya umri wako. Wa miaka 40 anapata 180. Asizidi asilimia 70 ya hiyo, yaani 126. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa hiyo ipime na mdomo: uweze kusema sentensi ndefu bila kuikata katikati.

Saa za mkononi nazo zina kasoro yake. Ikiwa imelegea, ile taa ya kijani huhesabu hatua badala ya mapigo. Ukiona 165 na wewe unapumua kama mtu aliyekaa barazani, ndiyo hiyo. Ipandishe vidole viwili juu ya kifundo, ikaze. Ukiwa na shaka, simama, weka vidole shingoni, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 31, uko 124, endelea.

Kwenda taratibu kusikufanye uburuze miguu. Fupisha hatua, usizirefushe.

Mkimbiaji wa nusu marathoni, Dar
Yote sawa kwa mtu akiwa peke yake. Kwenye kundi la watu 30 nani atakubali 7:30? Kilomita ya pili tu kuna mmoja ametangulia, wengine wanamfukuzia, na jioni kila mtu anaangalia Strava, ile programu ya simu ya kurekodi mbio, kuona nani alikuwa taratibu.

Kocha, Iten
Anayeongoza awe yule aliyemaliza wa mwisho kwenye mbio za Jumamosi. Hakuna kumpita. Anayeona inamchosha kwenda hivyo abaki nyumbani, maana huyo hakuhitaji kupona.

Na mleta mada, Jumapili nakuachia. Baada ya mbio ndefu misuli imeumia, mtu wa siku 4 alale. Mbio nyepesi ziwekeni Jumatano, baada ya zile za kasi, na ziwe za anayekimbia siku 5 au zaidi, dakika 30. Zikipita 40 zimeshakuwa zoezi lingine.

Mleta mada, Dar
Jumatano nakubali. Na yule wa dakika 75 kwa kilomita 10? Ukimwongezea dakika moja na nusu kwa kilomita anafika 9:00. Hiyo ni karibu na kutembea.

Tabibu wa viungo, Mombasa
Basi atembee. Dakika 40 za mwendo wa haraka, au akimbie dakika 4 atembee 1. Ila kwenye daftari lenu msimwandike mtoro.