Laringoskopu ya video kwenye boti ya wagonjwa Lamu: inafaa, au fedha ziende kwingine?

Hoja yenyewe: moyo wa mgonjwa umesimama njiani kutoka Faza kuja Lamu. Kifua kinakandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mrija wa hewa utiwe kwa kifaa gani: laringoskopu ya video, yaani bledi (ulimi wa kuinulia ulimi wa mgonjwa) yenye kamera na skrini ya kuonyesha koo, au kingine?

Tabibu wa usingizi, Malindi: Mie nataka ya video, tena yenye bledi ya Macintosh, ile ya kawaida yenye mpindo mdogo. Bledi iliyopinda sana huonyesha nyuzi za sauti vizuri mno, kisha mrija unagoma: ncha inagonga ukuta wa mbele wa koo la hewa. Inataka stileti ngumu (waya wa ndani ya mrija) iliyokunjwa kufuata bledi, ivutwe nyuma mara ncha inapopita nyuzi. Kifua kikikandamizwa, zoloto (kisanduku cha sauti) linachezacheza kwenye skrini. Hapo stileti ni balaa. Kwa Macintosh unatanguliza buji (fimbo nyembamba inayopindika), mrija unateleza juu yake. Skrini ikizima, unatazama kwa macho.

Muuguzi wa dharura, Lamu: Na matapishi, kaka? Tone moja likikaa kwenye kamera huoni kitu. Sakshoni itangulie bledi, na ncha yake ibaki mdomoni upande wa kushoto ikiendelea kunyonya.

Mkufunzi wa ufufuaji: Mnakimbilia kifaa mapema. Utafiti wa AIRWAYS-2 wa Uingereza, 2018, ulilinganisha i-gel (kifaa laini kinachokaa juu ya mlango wa koo la hewa, hakiingii ndani) na mrija kwa wahudumu wa ambulensi: waliopona vizuri baada ya siku 30 hawakutofautiana. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unasema mrija utiwe na wanaofaulu zaidi ya asilimia 95 kwa majaribio mawili, na ukandamizaji usisimame zaidi ya sekunde 5. Nani hapa ana mazoezi hayo?

Tabibu: Utafiti wa DEVICE, Marekani, 2023: jaribio la kwanza la kutia mrija lilifaulu asilimia 85 kwa video, 71 bila video.

Mkufunzi: Wagonjwa mahututi wa hospitali hao, bwana. Si boti inayopigwa na kaskazi.

Fundi wa vifaa: Chumvi hula ncha za chuma za kuchajia. Chagueni betri ya kutoa, na muulize kwanza bei ya bledi za kutupwa. Mashine bila bledi ni skrini tu.

Muuguzi: Mie naanza na kapnografu, mashine ya kupima kaboni dayoksaidi kwenye pumzi itokayo. Mrija huchomoka machela ikipandishwa gatini, na kamera ishafungwa. Hata kifua kikikandamizwa, wimbi dogo la kaboni dayoksaidi lazima lionekane. Mstari ukilala, hesabu mrija uko kwenye umio (njia ya chakula), utoe, rudi kwenye mfuko na barakoa.

Tabibu: Hapo sibishi, dada. Kapnografu na i-gel boti, kamera ikae chumba cha dharura. Lakini i-gel ikivuja, matapishi yamejaa, na gati bado mbali?