Naomba ushauri: mdogo wangu ni winga, wakala anataka tumlipe kwanza

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tororo, Uganda, huku mpakani na Kenya. Mdogo wangu ana miaka 17, anacheza winga ya kushoto. Ana mbio, ila kinachonipa imani zaidi ni kwamba anainua kichwa kabla ya kupiga krosi. Wengi wa umri wake wanafumba macho na kupiga tu.

Amekuja bwana mmoja anayejiita wakala, anataka shilingi milioni 4 ampeleke kwenye majaribio Ulaya. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Mimi moyo unasita. Sheria za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji nje ya nchi kabla hajafikisha miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, na wakala lazima awe na leseni. Nilipomwomba yake alinionyesha picha tu kwenye simu.

Mimi namtajia Emmanuel Okwi, mshambuliaji wetu wa Uganda: alianzia klabu ya hapa ya SC Villa, akaenda Simba pale Dar es Salaam, Ulaya ikaja baadaye. Dogo anasema nataka kumchelewesha, na hilo linaniumiza sana.

Waliopitia ligi yetu au wenye wadogo wachezaji, naomba mnisaidie: leseni ya wakala naihakikisha wapi? Na winga wa miaka 17 atafute timu ya daraja la pili kwanza, au amalize shule huku akicheza mashindano ya sekondari?