Mrejesho: ndevu za PCOS, mwaka mmoja baadaye

Dada zangu, habari zenu. Mwaka jana niliwaandikia kutoka Jinja nikiwa nalia kwa sababu ya ndevu zinazoniota kidevuni na shingoni kutokana na PCOS, tatizo la homoni kwa wanawake. Asanteni sana kwa kunijibu.

Kwanza niliacha kuzing'oa kwa kibano, kama dada wa Mbale alivyonisihi. Shingo ilikuwa imejaa vipele vya nywele zilizoota ndani ya ngozi, na kila kipele kiliacha doa jeusi. Sasa nanyoa kwa wembe mpya, ngozi ikiwa imelowa maji ya vuguvugu, nikifuata nywele zinakoelekea. Niliogopa zitarudi nene zaidi. Hazikurudi nene, na madoa yanafifia.

Daktari wa wanawake Kampala alinipima homoni, akanipa vidonge vya kupanga uzazi. Baada ya miezi sita akaongeza spironolaktoni, dawa inayozuia homoni za kiume, akisisitiza nisishike mimba nikiitumia. Hii inataka subira kwelikweli! Ilinichukua miezi mitano kuona tofauti. Zamani nilinyoa kila asubuhi, sasa mara mbili kwa wiki. Metformini, ile dawa ya kisukari, ilinirekebishia hedhi tu, nywele hapana.

Leza, yaani kuondoa nywele kwa miale ya mwanga, ilinishinda. Saluni moja iliniunguza ngozi, kwa kuwa sikuuliza kama mashine yao ni Nd:YAG, aina ya leza iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Ulizeni kabla ya kulipa.

Mwezi uliopita nilihudhuria kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya binamu yangu bila mtandio shingoni.