Saundikadi ya USB kwa ajili ya kurekodi kwaya kutoka kwenye miksa, nichukue ipi?

mwana_gungu

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, huku Gungu, naomba msaada kabla sijala hela ya watu bure. Kwaya yetu imenipa kazi ya kurekodi nyimbo moja kwa moja kutoka kwenye miksa wakati wa ibada (nadhani wamenichagua kwa sababu mimi ndo mwenye laptopu, sio kwamba najua). Laptopu ni Dell ya mtumba, ina tundu moja tu la hedifoni na maiki kwa pamoja. Nikanunua kile kiwaya cha kugawa, nikavuta waya toka REC OUT ya miksa (tundu la kutolea sauti ya kurekodi) nikachomeka upande wa maiki. Sauti inaingia, ila inapasuka vibaya mno, hasa akina mama wa sauti ya kwanza wakipanda juu, alafu chini kuna mngurumo mmmmmm haukati hata wakinyamaza wote.

Nikaenda Mwanga dukani, jamaa akanipa kile kidude cha USB kimeandikwa 7.1, nikatoa 12,000 yangu. Nimechomeka Windows ikakitambua bila draiva wala nini, kinajiita USB PnP Sound Device, nikashangilia kweli. Kurekodi sasa, yaleyale! Inapasuka, na stirio hakuna, kulia na kushoto ni kitu kilekile. Kuna ndugu ana Sound Blaster aliyoichomoa kwenye desktopu iliyokufa anataka kunipa bure, hiyo inafungika kwenye laptopu? Mweka hazina kasema atatoa hela ya kitu kimoja, mara moja tu, kwahiyo sitaki kubahatisha.

ujiji_kaswida

Pole mkuu. Sound Blaster ya desktopu mwachie mwenyewe, ile ni kadi ya PCI inakaa kwenye mazabodi ya desktopu, laptopu haina sehemu ya kuichomeka. Kuna laptopu za zamani zilikuwa na mwanya ubavuni wa ExpressCard na kadi za sauti za mwanya huo zilikuwepo, ila leo hii ukianza kuitafuta utazeeka. Nenda na USB.

Sasa kuhusu kupasuka. Tundu la maiki linatarajia kuingiziwa umeme mdogo sana, milivolti chache, ndo maana ndani kuna kikuza sauti. REC OUT ya miksa inatoa kama robo tatu hivi... hapana nimekosea, ni kama 0.3 ya volti, bado ni nyingi mara mia na zaidi ya anachotoa mtu akiongea kwenye maiki. Unamnywesha mtoto uji kwa ndoo. Hebu fungua ulichorekodi kwenye Audacity, ile programu ya kurekodi na kuhariri sauti, uvute karibu pale akina mama wanapopanda, utaona mawimbi yamekatwa juu bapa kama majani yaliyofyekwa. Yakishakatwa hivyo hakuna programu ya kuyarudisha kama yalivyokuwa.

Na hicho kidude cha 7.1 kina tundu la maiki tu, na ni mono, yaani njia moja ya sauti. Hiyo 7.1 ni ujanja wa programu upande wa kusikiliza, wewe unayerekodi haikuhusu kabisa. Unachotafuta ni kadi yenye LINE IN ya stirio, yaani tundu la kupokea sauti yenye nguvu kama ya miksa, kulia na kushoto mbalimbali. Mimi huku Ujiji narekodi kaswida mwaka wa tatu na Behringer UCA222, ile nyekundu ndogo, ina matundu mawili ya RCA (yale ya duara kama ya waya za deki) ya kuingiza na mawili ya kutoa, basi, waya wa REC OUT unaingia moja kwa moja.

mwana_gungu

Asante sana kaka. Hiyo nyekundu ina nobu ya kupunguza sauti inayoingia?

ujiji_kaswida

Haina. Nobu iliyopo ni ya hedifoni, wengi wanaizungusha weee alafu wanasema kadi mbovu. Unapunguzia kwenye miksa. Waambie waimbe ule wimbo wao wenye kelele kuliko zote, weka kilele kifike kama -6 dB hivi kwenye mita ya Audacity, alafu usiguse tena. Kingine, waya wake wa USB umeungana na kadi yenyewe hauchomoki, kwahiyo usiukunjekunje, ukikatikia ndani ndo umeisha. Ubora wake wa kurekodi unaishia biti 16 na sampuli 48000 kwa sekunde, kwa kwaya ya kwenye miksa inatosha sana.

dada_wa_kasulu

Samahanini naomba kuuliza kitu kimoja, mbona hamjamuuliza kama baadae anataka kurekodi kwa maiki zake mwenyewe? Mimi nilinunua hiyohiyo ya RCA kwa kuambiwa, nikaja kugundua haina tundu la XLR (lile la pini tatu la waya wa maiki) wala 48V, umeme ambao kadi inapeleka kwenye maiki, na maiki yangu ni ya kondensa, haiwezi kuamka bila hiyo 48V. Ikabidi ninunue tena Behringer UM2, yenyewe ina XLR moja na 48V, nasoma hadithi za watoto safi kabisa. Kwa mtu mmoja ni nzuri. Ila kwa Windows niliweka ASIO4ALL, draiva ya bure ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti, bila hivyo nilikuwa najisikia kwa kuchelewa kama mtu anayeongea kisimani.

mwana_gungu

Dada hapana, maiki zote ni za kanisa na zinapita kwenye miksa. Mimi nakaa kwenye benchi la nyuma tu na laptopu.

dada_wa_kasulu

Basi sawa, chukua hiyo nyekundu. Kidude cha 12,000 usikitupe, kwa hedifoni ya kupigia simu za video kinafaa.

treni_ya_kati

Mngurumo dawa yake rahisi, vunja ile pini ya katikati ya chaja, ya ethi. Tabora tunafanya hivyo kila siku.

fundi_mwanga

Wee usimdanganye mwenzio!! Pini ya ethi ipo ili siku chaja ikivuja umeme usipite kwako, na hapo waya umeungana na miksa na maiki ambayo mtu ameweka mdomoni. Usivunje.

@mwana_gungu fanya jaribio hili kwanza, halina gharama. Wakati unarekodi chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Mngurumo ukikata, umeme unazunguka kati ya ethi ya laptopu na ya miksa kupitia waya wa sauti. Saundikadi mpya peke yake inaweza isiuondoe, USB na yenyewe imeunganisha ethi. Chomeka laptopu na miksa kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, tafuta aisoleta ya RCA, kile kiboksi kidogo cha transfoma wanachofungia redio za magari.

mwana_gungu

Nimetoka kanisani sasa hivi, mlinzi amenifungulia. Wakuu nimechomoa chaja, mngurumo umekata kama mtu kazima jenereta. Nikarudisha chaja kwenye ekstensheni ya miksa, umebaki kidogo sana, mpaka uweke sikio. Na nimefungua Audacity, aisee majani yamefyekwa kweli, wimbo mzima.

Shida ni hii betri yangu, ni dakika 40 tu na mchungaji wetu hajui kufupisha. Nimemwambia mweka hazina kitu kimoja ni kadi na aisoleta kwa pamoja, kaguna, kaniuliza kama hivyo viwili vinauzwa kwenye boksi moja.

fundi_mwanga

Mwambie ndio 😂 Ukipata nyekundu yako pita kwangu, aisoleta ninayo moja niliitoa kwenye Noah.